Disney Ilipoinunua Pixar: Hofu Iliyokuwa na Sababu

Mwaka 1983 mchoraji kijana wa studio ya Disney huko Burbank, California, John Lasseter, aliwapelekea wakubwa wake wazo jipya. Alitaka itengenezwe filamu ambayo wahusika wake wangechorwa kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo, lakini mandhari ya nyuma yatengenezwe kwa kompyuta. Wakubwa walimsikiliza mpaka mwisho, wakauliza gharama, wakalikataa. Dakika chache baadaye simu yake ililia. Aliambiwa hana kazi tena.

Miaka 23 baadaye Disney ilitoa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4 kuinunua kampuni ambayo kijana yule alikwenda kuijenga, na papo hapo ikamkabidhi studio iliyomfukuza. Kampuni hiyo ni Pixar, iliyotuletea Toy Story, Finding Nemo na The Incredibles.

Anayeisikia habari hiyo leo anaweza kudhani kwamba mashabiki wa Pixar walishangilia. Wengi wao waliingiwa na hofu. Je, Disney haitaigeuza Pixar kiwanda cha sehemu ya pili na ya tatu? Je, watu waliozitengeneza filamu zile wataachwa wafanye kazi kwa namna yao? Na nani atakuwa na neno la mwisho? Kila swali lilikuwa na kisa nyuma yake, na kila swali limekwisha kupata jibu lake, ingawa si kwa njia waliyoitarajia.

Mashine zisizouzika

Baada ya kufukuzwa, Lasseter alipokelewa kwa George Lucas, mtengenezaji wa Star Wars. Ndani ya kampuni yake, Lucasfilm, kulikuwa na kitengo cha kompyuta kilichoongozwa na Ed Catmull, mwanasayansi ambaye kwa miaka mingi alikuwa na shabaha moja: kutengeneza filamu ndefu nzima kwa kompyuta. Lucas hakuwa na shabaha hiyo, na mwaka 1986 akaamua kukiuza kitengo hicho. Mnunuzi alikuwa Steve Jobs, aliyekuwa ameondoka Apple mwaka uliotangulia baada ya ugomvi na wenzake. Alimlipa Lucas dola milioni 5, akaingiza milioni 5 nyingine kama mtaji. Wafanyakazi walikuwa wapatao 40. Kampuni ikaitwa Pixar.

Mwanzoni Pixar haikuwa studio ya filamu. Ilikuwa ikiuza kompyuta za kuchakata picha, mashine ghali zilizokusudiwa hospitali, taasisi za utafiti na ofisi za serikali. Wanunuzi walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Disney yenyewe, iliyoshirikiana na Pixar kuunda mfumo wa kutia rangi michoro kwa kompyuta badala ya brashi. Filamu fupi za Lasseter zilitengenezwa ili kuonyesha uwezo wa mashine, kama tangazo la biashara. Lakini matangazo yale yakapendwa kuliko bidhaa. Luxo Jr. ya mwaka 1986, yenye taa mbili za mezani, moja kubwa na moja ndogo, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tin Toy ya mwaka 1988 ikaitwaa tuzo hiyo.

Disney ilipoona hivyo ilimwita Lasseter arudi. Alikataa. Ndipo mwaka 1991 pande mbili zikaandikiana mkataba wa filamu tatu. Disney ingetoa fedha na kusambaza, Pixar ingetengeneza. Wakati huo Jobs alikuwa amekwisha kumwaga karibu dola milioni 50 zake mwenyewe katika kampuni isiyopata faida, na hakuwa na nguvu ya kubishana. Kwa hiyo Pixar ilikubali sehemu ndogo ya mapato, huku filamu, wahusika wake na haki ya kutengeneza sehemu za pili vikibaki mali ya Disney. Kipengele hicho ndicho kilichozaa ugomvi wote uliofuata.

Ijumaa ya Novemba 1993

Kuna siku moja ambayo watu wa Pixar hawaisahau, nayo ni Ijumaa ya tarehe 19 Novemba 1993. Siku hiyo walikwenda Disney kuwaonyesha wakubwa sehemu ya Toy Story iliyokuwa imekamilika. Kwa miezi mingi Jeffrey Katzenberg, mkuu wa studio za Disney, alikuwa akiwataka waongeze makali: wahusika wawe na maneno ya kuchoma, hadithi isiwe ya watoto. Walitii kila agizo. Matokeo yake Woody, mwanasesere mchunga ng'ombe aliyepaswa kupendwa, alikuwa amegeuka mtu wa roho mbaya, mwenye kejeli, anayewanyanyasa wenzake. Waliotazama hawakucheka. Disney ikasimamisha kazi.

Pixar iliomba muda mfupi wa kujisahihisha. Wakaurudia mswada, safari hii wakisikiliza hisia zao wenyewe, na Woody akarudi kuwa kiongozi mwenye wivu lakini mwenye moyo mwema. Toy Story ikaingia sinema tarehe 22 Novemba 1995, filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta. Wiki moja baadaye Pixar iliuza hisa zake kwa umma. Hisa iliyoanza kwa dola 22 ilifunga siku kwa dola 39.

Kisa cha Woody kilienea miongoni mwa wapenzi wa katuni, na funzo walilolipata lilikuwa moja: Disney ikitia mkono, kazi huharibika, ikiondoa mkono, hutokea ajabu. Mtu aliyelibeba funzo hilo moyoni asingeweza kuifurahia habari ya Januari 2006.

Mwaka 1997 Pixar, sasa ikiwa na fedha na jina, ilipata mkataba mpya wa filamu tano, gharama na faida zikigawanywa nusu kwa nusu. Haki za wahusika zilibaki Disney.

Simba wa kwenye video

Kulikuwa na jambo jingine la kuogofya. Mwaka 1994 Disney ilitoa The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin uliotengenezwa kwa bei nafuu na kuuzwa moja kwa moja kwenye kanda za video, bila kupita sinema. Ikauzika mno. Tangu hapo hakuna kitu cha kale kilichosalimika. Cinderella, Bambi na The Little Mermaid, zote zilipewa ndugu wa video. Hata The Lion King, ile filamu ya akina Simba na Rafiki ambayo majina yake mengi hayahitaji kufafanuliwa kwa Mswahili, ilipata sehemu ya pili mwaka 1998 na nyingine tena mwaka 2004. Wahasibu walifurahi. Wapenzi wa katuni walikunja uso, kwa sababu michoro ilikuwa hafifu na hadithi zilikuwa marudio ya marudio.

Pixar ilikuwa imekwisha kuonja hatari hiyo. Toy Story 2 ilianza kama kazi ya video. Ilipokuwa wazi kwamba ingeingia sinema lakini hadithi haijasimama, Lasseter na wenzake waliitupa karibu yote na kuianza upya zikiwa zimebaki takriban miezi tisa. Watu waliugua kwa uchovu. Filamu ilitoka mwaka 1999 kwa wakati, na wapo wanaoiona bora kuliko ya kwanza. Kisha Disney ikasema kwamba, kwa kuwa ni mwendelezo, haihesabiki miongoni mwa zile tano za mkataba.

Hapo ndipo mapenzi yalipoisha. Michael Eisner, mkuu wa Disney, na Steve Jobs hawakuwa watu wa kuvumiliana. Mwaka 2002 Eisner alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kulishutumu tangazo la Apple kuwa linachochea wizi wa muziki. Kabla Finding Nemo haijatoka, aliiandikia bodi yake kwamba filamu hiyo haifikii zilizotangulia na kwamba Pixar ingepata somo. Nemo ikatoka mwaka 2003, ikavunja rekodi za mapato za filamu za katuni, ikachukua Oscar. Pixar ilipokaa tena mezani ilidai kumiliki filamu zake zote na kuilipa Disney ada ya usambazaji tu. Tarehe 29 Januari 2004 Jobs alitangaza kwamba mazungumzo yamevunjika.

Eisner naye hakukaa kimya. Kwa kuwa wahusika walikuwa mali ya Disney, ilianzishwa studio maalumu, Circle 7, ya kutengeneza sehemu za pili bila Pixar. Toy Story 3 yao ilikwisha kuandikwa: Buzz Lightyear anaharibika, anarudishwa kiwandani Taiwan, na wenzake wanamfuata kumwokoa. Monsters, Inc. na Finding Nemo nazo ziliwekwa kwenye foleni. Mashabiki waliona jinamizi lao likipata ofisi, wafanyakazi na bajeti.

Wakati huohuo nyumba ya Disney ilikuwa ikiungua kwa ndani. Roy E. Disney, mpwa wa Walt, alijiuzulu bodi Novemba 2003 na kuanzisha kampeni ya kumng'oa Eisner. Januari 2004 studio ya katuni ya Florida ilifungwa. Machi mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wanahisa huko Philadelphia, zaidi ya asilimia 40 ya kura zilikataa kumuunga mkono Eisner. Akapoteza uenyekiti wa bodi, na Septemba 2005 akaondoka kabisa.

Ubao mweupe wa Cupertino

Mrithi wake, Bob Iger, ameeleza mwenyewe jinsi macho yake yalivyofumbuka. Septemba 2005 alikuwa Hong Kong kwenye ufunguzi wa bustani mpya ya Disney. Gwaride la wahusika likapita, naye akaanza kuhesabu. Walikuwapo wa zamani, na walikuwapo wa Pixar. Wa miaka ya karibuni waliozaliwa na Disney yenyewe hakuwaona. Kampuni iliyojengwa juu ya katuni ilikuwa imekauka kisima chake.

Iger alianza kwa kutengeneza urafiki. Wiki mbili tu baada ya kushika madaraka, alikubali vipindi vya televisheni vya ABC, kampuni tanzu ya Disney, viuzwe kwenye iPod mpya ya Apple iliyoonyesha video. Jobs aliona kwamba huyu si Eisner. Iger alipopata ujasiri wa kumwambia kwamba anataka kuinunua Pixar, Jobs hakumfukuza. Walikutana makao makuu ya Apple, Cupertino, wakasimama mbele ya ubao mweupe na kalamu mkononi, upande mmoja faida, upande wa pili hasara. Kwa mujibu wa Iger, Jobs alianza na hasara, na ya kwanza aliyoiandika ni kwamba utamaduni wa Disney utaiua Pixar. Upande wa hasara ulijaa haraka. Ule wa faida ulibaki na mistari michache.

Kwa hiyo hofu ya mashabiki ilikuwa hofu ya muuzaji mwenyewe, tena akiiandika mbele ya mnunuzi. Tofauti ni kwamba muuzaji alikuwa na kalamu.

Jobs hakuuza mpaka Catmull na Lasseter walipokutana na Iger ana kwa ana na kumpima. Kisha masharti yakawekwa. Pixar ingebaki Emeryville, karibu na San Francisco, mbali na Burbank. Jina na kibao cha langoni visingebadilika. Wafanyakazi wake wasingelazimishwa kusaini mikataba ya ajira ya mtindo wa Disney. Catmull ameandika kwamba yalikusanywa katika waraka wa kurasa 7 wenye vipengele 59, uliopewa muda wa miaka mitano, ukitaja mpaka mambo madogo kama haki ya kupamba ofisi zao wapendavyo. Wanasheria wanaweza kucheka, lakini watu waliouandika walijua kwamba utamaduni wa kazi huanza kufa kwenye vitu vidogo.

Lililokuwa kubwa kuliko vyote lilikuwa la uongozi. Catmull angekuwa rais wa studio zote mbili, Pixar na ile ya katuni ya Disney. Lasseter angekuwa mkuu wa ubunifu wa zote mbili. Jobs, aliyemiliki zaidi ya nusu ya Pixar, angepata takriban asilimia 7 ya Disney, na hivyo kuwa mwanahisa wake mkubwa kuliko mtu yeyote, pamoja na kiti kwenye bodi. Kila hisa ya Pixar ilibadilishwa kwa hisa 2.3 za Disney.

Tarehe 24 Januari 2006, chini ya saa moja kabla ya kutangaza, Jobs alimchukua Iger wakatembea kidogo kwenye viwanja vya Pixar. Akamwambia kwamba saratani yake imerudi, na kwamba anampa nafasi ya kujitoa. Iger hakujitoa. Wafanyakazi wakaitwa ukumbini, wakaambiwa. Ununuzi ulikamilika tarehe 5 Mei.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mambo ya kwanza kutokea yaliwashangaza wenye hofu. Circle 7 ilifungwa, na hadithi ya Buzz kwenda Taiwan ikawekwa kabatini. Kiwanda cha video za mwendelezo kilisimamishwa. Ya mwisho katika mkumbo ule ilitoka mwaka 2008. Uchoraji wa mkono, uliokwisha kuzikwa, ulifufuliwa kwa The Princess and the Frog ya mwaka 2009. Na Catmull aliweka kanuni moja muhimu: studio hizi mbili zisifanyiane kazi za uzalishaji. Disney ikikwama, ijikwamue yenyewe. Pixar vivyo hivyo. Kwa njia hiyo hakuna iliyomezwa na mwenzake.

Waliopona zaidi walikuwa wenyeji. Studio ya Disney iliyokuwa hoi ilitoa Tangled mwaka 2010, Wreck-It Ralph mwaka 2012, na mwaka 2013 Frozen, iliyopita dola bilioni moja na kuiletea studio hiyo Oscar yake ya kwanza ya filamu ndefu ya katuni.

Pixar nayo haikuyumba. Ratatouille mwaka 2007, WALL-E mwaka 2008, Up mwaka 2009: panya mpishi, roboti asiyesema, na mzee mjane aliyefunga nyumba yake kwenye maputo. Hakuna afisa masoko ambaye angeziagiza hadithi hizo, na zote tatu zilichukua Oscar. Mashabiki walianza kusema kwamba waliogopa bure. Iger alipokwenda kuinunua Marvel mwaka 2009, na Lucasfilm yenyewe mwaka 2012, Pixar ndiyo iliyokuwa mdhamini wake: angalieni, wale tuliwaacha kama walivyokuwa. Lucas, aliyekiuza kitengo chake kwa milioni 5, alijikuta nyumba moja nao tena.

Lakini filamu hizo tatu zilikuwa jikoni kabla ya ununuzi. Filamu ya katuni huchukua miaka minne au zaidi, kwa hiyo ukitaka kujua mmiliki mpya amefanya nini, subiri kwanza chakula cha mmiliki wa zamani kiishe mezani.

Hesabu ya mwendelezo

Tuchukue tarakimu. Kuanzia mwaka 1995 mpaka 2009 Pixar ilitoa filamu 10, na mwendelezo ulikuwa mmoja tu. Kuanzia 2010 mpaka 2019 ilitoa filamu 11, na 7 kati ya hizo zilikuwa za kuendeleza hadithi za zamani: Toy Story ya tatu na ya nne, Cars ya pili na ya tatu, Monsters University, Finding Dory na Incredibles 2. Hofu ya kwanza ya mashabiki, ile ya kiwanda cha sehemu za pili, ilitimia.

Haikutimia kwa njia ya kiovu waliyoifikiria. Toy Story 3, ile ya Pixar, iliwaliza watu wazima na kuchukua Oscar. Cars 2 ya mwaka 2011 ndiyo ya kwanza kupondwa na wahakiki wengi, na mwongozaji wake alikuwa Lasseter mwenyewe. Vigari vya kuchezea vya Cars vilikuwa vimeingiza mabilioni ya dola madukani, na mwaka 2012 eneo zima la bustani ya Disney huko Anaheim lilifunguliwa kwa jina la filamu hiyo. Mwaka 2013 ikatoka Planes, ndege za ulimwengu wa Cars, iliyotengenezwa na kitengo kilekile cha video. Hadithi yake ilimtaja Lasseter miongoni mwa walioiasisi. Aliyeuvunja mlango wa kiwanda ndiye aliyeufungua tena kidogo.

Wala isidhaniwe kwamba Pixar yenyewe ilikuwa nyumba ya malaika. Ilikuja kujulikana mahakamani kwamba tangu enzi za Lucasfilm kulikuwa na makubaliano ya studio kutochukuliana wafanyakazi, jambo lililowabana watu mishahara. Mwaka 2017 Disney, Pixar na Lucasfilm zilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi hiyo. Brenda Chapman, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa filamu ndefu Pixar, aliondolewa kwenye Brave kabla haijaisha. Na Novemba 2017 Lasseter alikwenda likizo baada ya malalamiko kuhusu mwenendo wake kwa wafanyakazi, akaondoka moja kwa moja mwishoni mwa 2018. Catmull alistaafu wakati huohuo. Jobs alikuwa amefariki Oktoba 2011.

Hapo ndipo ukuta ulipobaki bila walinzi. Waraka wa miaka mitano ulikuwa umekwisha muda wake kitambo, na walioutia wino hawakuwapo. Pete Docter, mwongozaji wa Up na Inside Out, alishika ubunifu wa Pixar, lakini hakuwa na kiti cha Jobs kwenye bodi. Janga la UVIKO-19 lilipofunga sinema, Disney ilizipeleka Soul, Luca na Turning Red moja kwa moja kwenye huduma yake ya mtandaoni, Disney+. Ya kwanza ilieleweka. Ya tatu ilitoka Machi 2022, wakati sinema zimekwisha kufunguliwa na filamu za wengine zikijaza viti. Ndilo lililokuwa jibu la swali la tatu la mashabiki, la nani mwenye neno la mwisho. Mwaka 2024 Pixar ilipunguza takriban asilimia 14 ya wafanyakazi wake.

Waliokuja mikono mitupu

Anayetaka kuona hofu ile ikitimia yote kwa siku moja aiangalie Blue Sky, studio ya Connecticut iliyoanzishwa mwaka 1987. Ilikuwa mali ya Fox tangu mwaka 1997, na ndiyo iliyotengeneza Ice Age na kumpa dunia Scrat, yule kindi mwenye meno marefu anayekimbiza njugu yake filamu baada ya filamu bila kuila. Mwaka 2019 Disney iliinunua sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71.3, na Blue Sky ikaja ndani ya kapu pamoja na vitu vingine vingi. Hakuna aliyeandika kwenye ubao mweupe kwa ajili yake. Disney ilikuwa tayari na studio mbili kubwa za katuni. Ya tatu haikuihitaji.

Februari 2021 ilitangazwa kwamba Blue Sky itafungwa. Watu wapatao 450 walikosa kazi mwezi Aprili, na filamu yao Nimona, iliyokuwa imefika mbali, ikakatizwa. Ice Age ilibaki Disney. Iliyofuata ilitengenezwa na wengine na kutoka Disney+ mwaka 2022. Nimona iliokolewa na watu wa nje, ikaonyeshwa Netflix mwaka 2023 na kuteuliwa kuwania Oscar. Aprili 2022 baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wa Blue Sky walitoa kipande kifupi cha sekunde chache, zawadi yao ya kuaga. Scrat anaishika njugu, anatazama huku na huku, kisha anaila.

Mkono mtupu haulambwi. Mnunuzi ni yuleyule, fedha ni zilezile, na wahusika wa pande zote walipendwa na watoto wa dunia nzima. Pixar ilipona kwa sababu mwaka 2006 ilikuwa na kitu ambacho Disney haikuwa nacho na haikuweza kuishi bila hicho, na kwa sababu waliokuwa wakiiuza walijua bei ya kitu hicho na wakaiandika. Mapenzi ya mashabiki hayakuingia kwenye hesabu, wala tabasamu za siku ya kutangaza.

Kwa hiyo studio unayoipenda ikitangazwa kuwa imenunuliwa, na habari kama hizi haziishi, acha kuuliza kama mmiliki mpya anaielewa. Uliza wahusika ni mali ya nani, nani anaidhinisha filamu, masharti yameandikwa kwa miaka mingapi, na mnunuzi amepungukiwa na nini. Halafu jiulize na wewe. Mwaka 2024 Inside Out 2 iliingiza karibu dola bilioni 1.7 duniani. Mwaka uliofuata Elio, hadithi mpya kabisa, ilifungua kwa mapato madogo kuliko filamu yoyote katika historia ya Pixar. Tunaolalamikia sehemu za pili ndio tunaozijazia viti. Hadithi mpya ikitoka, katazame wiki ya kwanza. Hiyo ndiyo kura pekee ambayo shabiki anayo, na wenye studio huihesabu.